Siku Umeme Ulipokatika Katikati ya Swali

Jamani, mie nilishaapa hii habari nitakufa nayo, lakini kwa kuwa Frank ameanza kuisimulia kila tukikaa watu zaidi ya wawili, na anaisimulia vibaya (eti nilikimbia mpaka barabarani, wakati sikukimbia, nilitembea haraka tu kama mtu mwenye shughuli zake), basi bora niiseme mwenyewe, mcheke mara moja, yaishe. Ni aibu, sikatai. Hata leo nikipita Keko nikasikia mashine ya kuranda mbao inanguruma, masikio yananiwaka moto.

Kwa wasionijua vizuri, mie naitwa Editha, mtoto wa mwalimu mstaafu wa Bukoba, nakaa Kinyerezi na dada yangu, na kazi yangu ni kuuliza watu maoni. Siyo umbea, ni kazi kabisa, ina mkataba. Kuna kampuni inafanya utafiti wa maoni ya wananchi kuhusu viongozi na mambo ya nchi, maji, shule, hospitali, bei ya vitu, na sie wadodosaji ndio tunaozunguka mitaani na vishikwambi mkononi na vitambulisho shingoni, tunafukuzwa na mbwa na kukaribishwa chai kwa zamu. Nyumba hatujichagulii, tunazihesabu kwa mpangilio tuliopewa, na ukishaingia hata mtu wa kuongea naye hujichagulii, unaingiza majina ya watu wazima wote wa kaya, kishikwambi kinachagua mmoja, na huyo asipokuwepo huruhusiwi kumchukua shemeji yake kwa sababu tu yupo na ana maneno mengi. Halafu ipo sheria moja kubwa kuliko zote, ambayo Frank, msimamizi wetu, alikuwa anatuimbia kila asubuhi kabla hatujatawanyika: mhojiwa awe peke yake, na umwahidi kwamba atakachosema ni siri. Mtu akijua anasikilizwa hasemi anachofikiri, anasema kinachomfurahisha anayesikiliza.

Siku hiyo nilianza vizuri sana. Kabla ya kugonga mlango wowote ni lazima kwanza upite ofisi ya serikali ya mtaa uripoti, usije ukaitiwa mwizi, kwa hiyo nikapita, nikamkuta mtendaji, akasoma barua yangu, akaigonga muhuri. Nikamuuliza kama naweza kumsalimia na mwenyekiti wa mtaa, akaniambia mwenyekiti ametoka kidogo. Nikashukuru nikaenda zangu (kumbukeni hilo la kutoka kidogo, litarudi). Mpaka mchana ulipoanza kulegea nilikuwa nimebakiza nyumba moja tu, na nilikuwa na haraka, kwa sababu mama yangu mzazi alikuwa amefika asubuhi ile kutoka Bukoba na senene wa kukaanga na ndizi za kutosha mtaa mzima, na dada yangu si mtu wa kumwachia senene peke yake.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya wapangaji, ua mmoja, vyumba vimetazamana, na kishikwambi kikamchagua Mama Sauda, mama wa makamo anayeshona vitambaa vya makochi kwenye karakana ya mumewe. Mama mcheshi, kanipokea vizuri, kanipa kigoda na maji. Tukaanza palepale uani. Nikauliza swali la kwanza, kwa maoni yako ni tatizo gani kubwa ambalo serikali ingepaswa kulishughulikia, na kabla hajafungua mdomo, bibi mmoja aliyekuwa anachambua mchicha mlangoni kwake akasema, "Mwambie maji," na kijana aliyekuwa anafua akasema, "Maji yapo siku hizi bibi, sema ajira," na dirisha moja likafunguka na sauti ya mtu nisiyemwona ikasema bei ya mafuta ya kula. Nikawaomba radhi, nikawaeleza namtaka Mama Sauda peke yake. Wakaniambia hamna shida, endeleeni tu, sie hatusikilizi.

Nikamuuliza kama tunaweza kuingia chumbani kwake. Akasema shemeji yake ni mlinzi wa usiku, amelala. Nje ni barabara. Mwenyewe akanishauri, nakumbuka vizuri, "Dada, si urudi jioni mafundi wakishafunga karakana, pale panakuwa kimya, tutaongea tupendavyo." Ushauri wa mtu mwenye akili zake. Mie nikawafikiria senene. Nikaitazama ile karakana ng'ambo ya kinjia, mashine inaunguruma, unga wa mbao unaruka, mafundi wanaongea kwa ishara kwa sababu hakuna anayemsikia mwenzake, nikajiona nina akili kuliko Frank na kampuni yake yote, nikamwambia, "Mama, twende kulekule. Kwa kelele zile nani atatusikia?"

Huo ndio uamuzi wenyewe. Mdogo, wala haukunichukua muda.

Tukakaa kwenye kona yake ya kushonea, nyuma ya rundo la sponji na migongo ya makochi, magoti yetu yakigusana, na tukaanza kupigiana kelele masikioni. Nilimsomea ile ahadi ya siri kwa sauti ambayo ingefika Kigamboni, na hakuna aliyegeuka. Ikaenda vizuri ajabu. Yule mama alikuwa na maoni, jamani, kumbe ua lote lile lilikuwa linamziba tu. Nikamuuliza habari za elimu, akajibu. Nikamuuliza habari za viongozi wakubwa, mmoja baada ya mwingine, je, unamwamini sana, kiasi, kidogo, au hata kidogo, akajibu yote bila kuzunguka (na hayo majibu siwaambii, hayo hayakusikika, kwa hiyo ahadi yangu bado ipo). Alikuwa anafurahi. Aliniambia katikati kwamba tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumuuliza nchi anaionaje, kila anayekuja anamuuliza kochi litaisha lini.

Sasa, wakati tunaendelea, niliona kwa juu ya sponji mzee mmoja mnene, shati jeupe, anaingia karakana na kupokewa kwa heshima. Mama Sauda alikuwa ameupa mlango mgongo, hakumwona. Katikati ya karakana palikuwa na dawati jipya la shule ya msingi, lile la kukalia watoto watatu, na fundi mmoja mwenye penseli sikioni akamwonyesha, na yule mzee akaamua kulijaribu mwenyewe. Akajiingiza. Tumbo likafika kwanza, magoti yakakwama chini ya ubao, lakini akatoshea. Nikafikiri ni mteja. Sikujua kwamba ni mjumbe wa kamati ya shule, kwamba lile lilikuwa dawati la mfano, na kwamba akiridhika nalo karakana ile ingepata kazi ya madawati ya shule nzima, kazi waliyokuwa wanaifukuzia tangu masika yapite na ambayo ingewatoa kwenye hali mbaya. Hayo yote nilikuja kuyajua baadaye, kama kawaida yangu.

Nikafika swali linalofuata. Nikavuta pumzi, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote sikioni kwa Mama Sauda kumuuliza anamwamini kiasi gani mwenyekiti wa serikali ya mtaa wake. Mama Sauda naye akavuta pumzi.

Umeme ukakatika.

Mie nakaa Kinyerezi, nawaambia, nalala na kuamka jirani na mitambo ya gesi inayotengeneza umeme, na umeme huohuo ndio ukaja kunifanyia vile Keko. Mashine ikanyamaza, feni ikanyamaza, karakana nzima ikawa kimya kama msikitini, na katika kimya kile sauti ya Mama Sauda, ambayo tayari ilikuwa imeshatoka na hairudishiki, ikasema, "Simwamini hata kidogo! Anaahidi, kila mwaka anaahidi, siku ya kufanya humwoni!"

Vichwa vyote vikageuka. Swali langu lilikuwa limemezwa na mashine, kwa hiyo walichosikia ni jibu tu, halina jina la mtu. Kama ningefunga mdomo, wenzangu, kama ningekaa kimya pale nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba, ingepita. Lakini kijana mmoja fundi akasema kwa upole kumwambia yule mzee wa kwenye dawati, "Pole mwenyekiti, ni umeme tu, subiri tukutoe hapo." Mwenyekiti. Kumbe ndiye huyu, yule aliyetoka kidogo. Mama Sauda akageuka, akamwona, akashika mdomo. Na mwenyekiti, akiwa amebanwa kwenye dawati, akauliza taratibu, "Anayeahidi ni nani?"

Nikasimama mie, mwenye kitambulisho shingoni, nikasema, "Alikuwa anamsema mume wake."

Msiniulize kwa nini. Ndiyo neno lililokuja. Nilidhani mume yuko mbali, sikuwahi kumwona, Mama Sauda alikuwa ameniambia tu kwamba yupo na mteja. Yule fundi mwenye penseli sikioni, aliyekuwa ameinama kwenye dawati, akainuka polepole, akanitazama, akamtazama mhojiwa wangu, na nikajua mume alikuwa wapi.

"Kwani siku hizi utafiti wa nchi unauliza wake za watu habari za waume zao?" mwenyekiti akauliza.

"Ndiyo mzee," nikasema, maana nilishaingia, "kuna kipengele cha amani ndani ya kaya." Hakuna kipengele hicho. Hakijawahi kuwepo.

Halafu mzee mmoja wa msasa, aliyekuwa amekaa pembeni hajali habari za mtu, akasema kama anayejisemea, "Ni lile kabati." Na mafundi wengine wakaguna, kumbe wote walilijua. Baba Sauda, fundi anayesifika Keko nzima kwa makabati, alikuwa amemwahidi mkewe kabati la nguo tangu waoane, na nguo za mkewe mpaka siku ile zilikuwa kwenye masanduku.

Na hapo ndipo nilipotaka ardhi inifiche, kwa sababu yule baba hakukasirika. Angekasirika ningejua pa kushika. Yeye aliitoa ile penseli sikioni, akawa anaizungusha vidoleni, mbele ya vijana wake na mbele ya mteja mkubwa kuliko wote aliowahi kuwapata, akasema, "Mama Sauda, ni kabati kweli? Nilikwambia nikimaliza haya madawati. Kila nikianza mtu analinunua. Nilijua limekuumiza, sikujua limefika huko." Sauti yake ilikuwa ndogo. Yule baba alikuwa anaomba msamaha kwa kosa ambalo nililitunga mie.

Nilimwona Mama Sauda anahesabu kichwani. Akinyamaza, mwenyekiti anaondoka na heshima yake, madawati yanapatikana, na mumewe anabaki mtu asiyeaminika na mke wake mbele ya vijana wanaomwita bosi. Akisema, mume anasafishika na kazi inaondoka na yule mzee, na hiyo ndiyo kazi waliyoitegemea wote mle ndani. Aliutazama uso wa mumewe. Halafu akasimama, akajikung'uta unga wa mbao kwenye khanga, akafunga mtandio vizuri.

"Shikamoo mwenyekiti," akasema.

"Marahaba."

"Mume wangu namwamini sana. Kabati ni mambo yetu, tutayamaliza. Huyu dada anakuogopa tu, msamehe. Niliyekuwa namsema ni wewe."

Mwenyekiti akajaribu kuinuka, dawati likainuka naye, akakaa tena. Akauliza, "Nimekosa nini?" na wala hakuuliza kwa ukali, aliuliza kama mtu ambaye kweli hajui.

"Mtaro," Mama Sauda akasema. "Kila masika maji yanaingia humu. Mbao zinavimba, sponji zinaoza, tunaanza upya. Masika haya ulikuja na mabuti, ukapigwa picha umesimama hapo mlangoni, ukasema wiki ijayo. Hatukukuona tena mpaka leo ulipokuja kwa ajili ya dawati."

"Mbona ofisini hamji kunieleza?"

"Tunakuja. Tunaambiwa umetoka kidogo."

Nikatazama chini. Mwenyekiti akatazama mafundi, mmoja mmoja, akawauliza kama ni kweli. Kwanza kila mtu akaona kitu cha kushughulika nacho. Halafu yule mzee wa msasa akasema ni kweli, halafu kijana wa mashine akasema ni kweli, na yeye akaongeza habari ya taa ya kona, na mwingine akasema kweli, na mpaka bibi wa mchicha, ambaye sijui alifika saa ngapi, akasema mlangoni kwamba maji ndiyo aliyosema tangu mwanzo. Baba Sauda alikuwa wa mwisho. Alimtazama mkewe kwanza, halafu akasema, "Ni kweli, mwenyekiti. Na mie nilinyamaza kwa sababu ya haya madawati."

Wakamtoa, wawili wakivuta dawati na mmoja akimvuta yeye. Akajifuta suruali, akapiga ubao wa dawati kwa kiganja, akasema, "Dawati zuri. Limenibana mie tu, watoto watakaa," akaondoka. Hakusema kazi wameipata wala wameikosa. Na alipofika barabarani umeme ukarudi, mashine ikaunguruma kama hakuna lililotokea.

Mama Sauda akarudi kwenye kona yake, akakaa, akanisogelea na kupiga kelele sikioni mwangu, "Haya, swali linalofuata?"

Ikabidi nimwambie. Mahojiano yaliyosikiwa na watu yanafutwa, ndiyo utaratibu, na yale yalikuwa yamesikiwa mpaka na bibi wa mchicha. "Yaani yote yale niliyoyasema," akauliza, "hayahesabiwi?" Nikasema hayahesabiwi. Ndipo nikatembea haraka mpaka barabarani, kama nilivyowaambia.

Nilimpigia Frank simu, nikamweleza yote, akasema, "Editha, umemwambia mwenyekiti wa mtaa kwamba utafiti wetu una kipengele cha mume?" Wakanitoa mtaani wakaniweka ofisini, kazi ya kuwapigia simu waliohojiwa na wenzangu kuhakikisha kama walihojiwa kweli. Nyumbani Kinyerezi mama yangu akanisogezea sahani ya senene, sikuweza hata mmoja. Nikamsimulia. Mama yangu hacheki ovyo, mke wa mwalimu, lakini alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge, halafu akanikazia macho, akaniambia, "Utarudi kumwomba radhi yule baba. Kwa mdomo wako, si kwa simu."

Nikarudi wiki iliyofuata, siku yangu ya mapumziko, bila kitambulisho, na kikapu cha ndizi alichonifungia mama. Nilikuwa nimejiandaa kukuta karakana imefungwa na watu wananizomea. Nilichokuta kwanza ni udongo. Kinjia kimechimbwa, vijana wana makoleo, mawe yamemwagwa pembeni, na kati yao yule mzee mnene ndani ya mabuti yake, jasho linamtoka, na hakukuwa na mpiga picha. Madawati mapya yalikuwa yamepangwa nje ya karakana mpaka yanaziba mlango, na ndani, mahali pa lile la mfano, palikuwa na kabati refu la mninga, halijapigwa vanishi, na Baba Sauda amepiga magoti anatia bawaba. Nikaomba radhi kwa kelele, maana mashine ilikuwa inafanya kazi. Akaniambia yameisha, kisha akaninong'oneza (kunong'ona kwa karakana) kwamba hili hata aje mteja na gunia la pesa haliuzi.

Tangu siku hiyo simhoji mtu penye kelele, hata anibembeleze. Wakinirudisha mtaani, mhojiwa akiniambia rudi jioni, nitarudi jioni, senene waishe. Hilo nimeapa, na Frank shahidi.

Mama Sauda alinisindikiza mpaka nje. Mtaro ulikuwa umefika nusu tu, akaniambia saruji imeisha, wanasubiri nyingine, na miaka yote hawajawahi kufikishwa hata hiyo nusu. Tukasimama tunautazama. Halafu akasema, "Niulize tena lile swali."

"Mama, siruhusiwi. Yale yalishafutwa."

"Si la kazi. Niulize tu."

Nikamuuliza, kwa sauti ya kawaida, nikiwa nimesimama karibu naye: unamwamini kiasi gani mwenyekiti wa serikali ya mtaa wako, sana, kiasi, kidogo, au hata kidogo? Akafikiri. Akautazama mtaro ulipoanzia na ulipokomea. Halafu akageukia kule kwenye makoleo, akaipandisha sauti juu ya mashine ili imfikie mwenyewe.

"Kidogo!"

Mwenyekiti akainua kichwa, akamtazama, akainamia koleo lake akaendelea kuchimba.